Tokeni ya Pampu

Mshahara wangu huonwa na watu wengi kabla sijauona mimi. Kodi ya mapato inaanza, bima ya afya inafuata, akiba ya uzeeni inachukua chake, kisha anaingia huyu mgeni wa juzi anayeitwa ushuru wa nyumba. Anakata asilimia 1.5 na kuondoka bila hata kuaga. Mwajiri naye hutakiwa kutoa asilimia 1.5 nyingine, na ninavyomjua bosi wangu, hiyo pia atakuwa ameitafutia njia ya kutoka mfukoni mwangu. Kinachosalia ndicho ninachopandia matatu kutoka Karatina kurudi Nyeri mjini, mimi mchangiaji mkubwa wa nyumba nisizolala.

Ushuru huu umetupandisha na kutushusha. Ulianza Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema haupatani na katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuuachia uendelee kukatwa, na mshahara wa Februari ukaniingia mzima. Mwenye bucha alinitazama mara mbili nilipoitisha kilo. Machi 19 Rais Ruto akatia sahihi Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ushuru ukarudi kazini, nami nikarudi kwenye robo na mifupa ya supu.

Basi nikasema, pesa zimeshakwenda, angalau nijue zinanijengea nini. Nikaisoma hiyo sheria. Kumbe humo ndani tumeshapangwa. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana nyumba yake, ya kijamii. Wa 20,000 hadi 149,000 ana yake, ya bei nafuu. Anayepita hapo ana ya tabaka la kati. Jedwali safi kabisa, limechorwa na mtu ambaye tangu amalize chuo hela zake huingia benki tarehe ile ile.

Huyo mtu angekuja mlimani akae msimu mmoja tu. Mkulima wa chai wa Othaya hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kwa majani aliyopeleka, halafu inakuja bonasi. Machi ni mtu wa nyumba ya kijamii, anakopa chumvi. Oktoba ni tabaka la kati, anaulizia bei ya gari la Probox. Januari karo imelipwa, Probox haijanunuliwa, na yeye yuko tena kwenye chumvi. Wa kahawa wa Mathira ni yale yale, ila yeye hata hizo kidogo kidogo hazioni, anangoja kiwanda kilipe. Na huko Meru kwa wenye miraa mtu anaweza kupita madaraja yote matatu kati ya Jumatatu na Ijumaa, kutegemea ndege ya Mogadishu imeruka au haikuruka. Sasa hawa watakuwa wanahama na magodoro kichwani kila soko likibadilika?

Wataalamu wa mipango ya miji wana jibu lao. Wanasema dawa ni kuchanganya: mtaa mmoja ukae mwenye nacho, mwenye kiasi na asiye nacho, ili matajiri wasijifungie na maskini wasitupwe bondeni. Nakubaliana nao. Tena ningependa mmoja wao aje alale kwetu wiki moja, ikiwezekana wiki ambayo pampu imekufa, kwa sababu sisi tumeshachanganywa siku nyingi.

Jengo letu lina ghorofa nne na halina lifti. Jina lake na la ushirika uliolijenga nayahifadhi, maana bado nalala humo. Nyumba ziliuzwa moja moja, nyingine zikapangishwa, nyingine zikapangishwa na wapangaji. Chini, ambako hakuna ngazi za kupanda, wamekaa wenye nazo: chifu mstaafu, na daktari aliye Nairobi ambaye sura yake hatuijui, ila gari lake tunalijua kwa sababu Desemba huegeshwa katikati ya njia. Kwangu, ghorofa ya pili, kuna walimu, makarani na mama mmoja wa duka la mbolea na dawa za ng'ombe ambaye mtaa mzima unamwita Daktari, hivyo tuna madaktari wawili na ukiugua unakwenda hospitali ya kaunti kama kawaida. Ghorofa ya tatu ni wanafunzi. Ya nne ni bedsita: kuna Baba Pacha wa bodaboda, mama wa mitumba anayeondoka gizani kuwahi soko la Karatina, na kijana anayesema kazi yake iko mtandaoni, jambo ambalo haliwezi kuthibitishwa. Kwetu, kadiri unavyopanda ngazi ndivyo kipato kinavyoshuka.

Bunge liliwahi kuwakumbuka hao wa juu. Ipo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba inayomlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyeri hii ya leo, kwa 2,500 utaweza kupangishiwa banda la kuku la chifu, na itabidi mwanze kwa kujadiliana na jogoo.

Lakini sikukaa hapa kulalamika juu ya kodi. Nalalamika juu ya pampu.

Maji ya mji huu yana sifa nchi nzima. Kampuni ya maji ya Nyeri, NYEWASCO, imezoea kukaa juu kwenye orodha za wasimamizi wa sekta ya maji, na mimi sina neno nayo. Maji yanashuka kutoka Aberdare, yanafika getini kwetu baridi na masafi. Siasa inaanzia getini hadi kwenye paa. Kuna tangi chini, kuna tangi juu, na katikati kuna pampu. Pampu, taa ya ngazi na taa ya geti zote zinakula stima kwenye mita moja ya tokeni, mita ambayo si ya mtu. Tokeni ikiisha, jengo zima linakuwa giza na mabomba ya juu yanaanza kukohoa.

Hapo ndipo utajua majirani zako. Chifu ana mfereji unaotoka moja kwa moja kwenye bomba la nje, kwa hiyo pampu haimhusu, na ngazi hapandi. Daktari wa Nairobi hutuma ujumbe kupitia wakala wake kwamba yeye hakai, na asiyekaa hatumii. Wanafunzi wanasema wao ni wapita njia, watamaliza kozi waende. Kijana wa mtandaoni anauliza kama anaweza kulipa mwisho wa mwezi, bila kutaja mwezi gani. Unajua anayelipa wa kwanza, bila kukumbushwa? Baba Pacha. Yeye hurudi usiku wa manane, pikipiki ameizoesha kulala chini ya ngazi, na bila taa hawezi kujua kama bado iko. Wa pili ni mama wa mitumba. Wataalamu wote niliowasikia redioni wanahofia kwamba maskini watashindwa kulipa ada za pamoja. Waje waone daftari letu.

Nasema daftari kwa sababu mimi ndiye mwandishi wa kamati. Sikugombea. Nilionekana na kalamu.

Mkutano wa mwisho tulifanyia pale kwenye maegesho, Jumapili baada ya kanisa, kila mtu na kiti chake cha plastiki. Chifu akafungua kwa maombi marefu, akaombea nchi, mvua na wagonjwa, akaruka tokeni. Ajenda ya kwanza ilikuwa taa. Mwalimu wa ghorofa ya pili akapendekeza kila nyumba itoe sawa. Mama wa mitumba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe una vyumba vitatu na watoto watano, mimi nina chumba kimoja na beseni. Sawa ya namna gani hiyo?"

Ikabidi niseme kwamba jambo hili lina sheria. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa nyumba za ghorofa inasema wamiliki wote wa jengo moja ni shirika moja, wanachagua wasimamizi, na kila mmoja anachangia matunzo kulingana na sehemu yake katika jengo. Mwenye kikubwa atoe kikubwa. Chifu akavua miwani.

"Hiyo karatasi ina sahihi ya D.C.?"

"Chifu, ma-D.C. waliisha."

"Ndiyo maana mambo yameharibika."

Ajenda ya pili ilikuwa kuku wa chifu. Anao kwenye ua wa nyuma, chini ya madirisha ya walimu, na jogoo wake hana saa. Baba Pacha akasimama kwa adabu zote, kofia mkononi. "Chifu, wewe ni baba yetu hapa, na mayai yako tunanunua. Lakini saa tisa usiku mimi ndiyo nimelala tu." Chifu akasema kuku ni wa kienyeji, wamezaliwa hapa kabla ya nusu ya wapangaji waliopo, na zaidi ya hayo, kuku hawali tokeni. Ikabidi niandike hivyo kwenye kumbukumbu: kuku hawali tokeni.

Ajenda ya tatu ndiyo ilinitia huzuni kidogo, nami si mtu wa huzuni. Ilikuwa majiko ya makaa. Msomaji wa Mombasa hajui Julai ya Nyeri ni kitu gani. Ukungu unashuka saa kumi alasiri na hauna haraka ya kuondoka. Watu wa juu huwasha jiko kwenye ngazi, moshi ukiisha wanaliingiza ndani na kufunga madirisha. Kila mwaka huku mlimani tunazika watu waliolala na jiko namna hiyo. Tulitaka kupiga marufuku. Mama wa mitumba hakubisha, akauliza tu kama kamati itamnunulia hita, na kama itamnunulia, stima yake itatoka mita ipi. Watu wakaanza kutazama viatu. Walimu wana hita, sisi makarani tuna blanketi za kutosha, chifu ana mahali pa moto kabisa. Tukakubaliana jiko liachwe nje hata likionekana limeiva. Nani atakagua, hatukukubaliana.

Yaliyobaki yalikabidhiwa kamati ndogo ambayo haijakutana.

Na asije mtu kuniambia serikali kutujengea mtaa wa mchanganyiko ni wazo jipya huku. Mradi mkubwa kuliko yote ya makazi kuwahi kufika mlimani ulianza Juni 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Katika mwaka mmoja na ushei zaidi ya watu milioni 1 waliondolewa kwenye maboma yao wakasukumwa katika vijiji zaidi ya 800, vingine vikizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha. Cucu yangu alijijengea nyumba huko kwa mikono yake, kwa amri, askari amesimama kando. Hakuulizwa kipato chake. Mwenye ng'ombe na asiye na kuku walipangwa safu moja, wakachota maji mto mmoja kwa saa zilizopangwa. Mchanganyiko kamili. Kisha yakaja mambo ya mpango wa Swynnerton, mashamba yakaunganishwa, yakapimwa, yakapewa hati. Mwenye shamba akafungasha, akarudi kwake. Asiye na shamba akabaki kijijini. Wajukuu zake wako pale pale hadi leo, kwenye vijiploti ambavyo kila msimu wa kampeni huahidiwa hati miliki, na msimu ukiisha hati inarudi ofisini kupumzika.

Kwa hiyo nikisikia habari ya kuchanganya vipato, swali langu huwa moja: nani kati yetu ana mlango wa nyuma? Daktari wa Nairobi na Baba Pacha hawatenganishwi na mshahara tu. Pampu ikifa, daktari hana habari. Walimu wana kwao Tetu, wanaweza kwenda kuoga huko wikendi na kurudi na viazi. Baba Pacha hana pa kwenda, ndiyo maana tokeni ananunua yeye. Jedwali la 20,000 na 149,000 halina safu ya jambo hilo.

Nairobi walishajaribu, tukatazama. Mwaka 2009 watu wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa majengo ya ghorofa kule Lang'ata wapishe mtaa wao ujengwe upya. Familia zikapewa nyumba moja kwa kugawana, chumba kwako chumba kwangu, jikoni na chooni tukutane. Haukupita muda mrefu baadhi wakawapangisha wenye mishahara vyumba vyao na kurudi zao Kibera, ambako kodi ni ndogo na soko liko mlangoni, wakabaki na chenji ya karo. Walisemwa sana, eti hawathamini. Mimi naona walipiga hesabu ambayo mipango ya mradi haikuipiga.

Viongozi wetu wakiutetea ushuru hawachelewi kuitaja Singapore. Vizuri. Bodi ya nyumba ya huko iliundwa 1960, na leo takriban watu 8 kati ya 10 wanaishi katika nyumba ilizojenga. Wametuletea picha za majengo. Hawakutuletea habari ya yule anayefagia. Huko kila nyumba hutoa ada ya kila mwezi ya usafi na matunzo kwa halmashauri ya mtaa wake, kubwa inalipa zaidi, ndogo inalipa kidogo, na kuna ofisi yenye watu ambao kazi yao ni lifti, taa na ngazi. Hawangoji mkutano wa Jumapili. Tangu 1989 hata idadi ya watu wa kila asili katika jengo moja imewekewa kiwango, wasijazane upande mmoja. Kwetu hilo lingesaidia kwa watu wa Mathira. Wakizidi wanne kwenye jengo, tayari kuna kampeni ya mwenyekiti.

Hapa Nyeri tumeuona mradi wa Blue Valley, na miji jirani nayo ina mabati yake ya bluu yanayozungushiwa viwanja. Kwenye mabati hayo hubandikwa picha ya jinsi mtaa utakavyokuwa. Nimezitazama nyingi, maana matatu zetu husimama sana. Daima kuna mama anasukuma kigari cha mtoto kwenye nyasi, kijana anaendesha baiskeli, jua linawaka, hakuna aliyevaa sweta, wala kofia ya sufu. Hiyo si Nyeri, hiyo labda ni Nyali. Sijaona picha hata moja yenye mzee amechuchumaa mbele ya mita akisoma namba za tokeni kwa tochi ya simu huku mwingine akibonyeza, akikosea, akianza upya.

Mtaniuliza, je, wewe umejiandikisha Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya kuombea nyumba hizi? Nimejiandikisha, nani hajajiandikisha. Pesa zangu ziko huko, nami nataka niwe karibu nazo. Fomu iliniuliza jina, kitambulisho, kipato, kaunti ninayotaka. Maswali ya mtu anayetafuta mnunuzi. Wakitaka kuchanganya watu bila damu kumwagika, wangeuliza mambo yanayochanganyika. Je, unafuga kuku, na jogoo wako ana tabia gani? Watoto wako wanaruka juu ya kochi mpaka saa ngapi? Wageni wako wa Krismasi wataegesha wapi? Ukisikia ndoo zinagongana kwenye ngazi saa kumi na moja alfajiri, unajifunika blanketi hadi masikioni au unavaa koti utoke uone pampu imekuwaje?

Atakayejibu kwamba anavaa koti, nawaomba maofisa wa wizara wasimpeleke kokote, wamlete kwetu. Kijana wa mtandaoni amehama usiku bila kulipa, bedsita yake ghorofa ya nne iko wazi. Maji yapo siku ambazo tokeni ipo. Deposti ni ya mwezi mmoja, kuku hawaruhusiwi isipokuwa wa chifu, na mhusika aje na kalamu, kwa sababu natafuta mtu wa kumwachia hili daftari.